Bustani Ndogo ya Mboga Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tuta la mboga karibu na mlango halidai shamba wala trekta. Linadai mtu wa kulitazama kila siku, na kule kutazama ndiko kunakoleta furaha. Hapa yamo maswali ya wanaoanza, pamoja na machache ya wale ambao wameshaonja na hawataki kuacha.

Bustani ndogo iwe na ukubwa gani?

Tuta moja lenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 3 latosha kuanzia. Upana huo una sababu yake: mkono wa mtu mzima hufika kama sentimita 60 ndani ya tuta, kwa hiyo ukisimama upande huu kisha upande ule, unaufikia kila mche bila kukanyaga udongo. Tuta lililoegemea ukuta lisizidi sentimita 60, kwa kuwa huwezi kulizunguka.

Wengi hulima eneo linalozidi nguvu zao, wiki ya nne magugu yanawashinda, na ya sita hawataki hata kuchungulia. Anza na kidogo kiasi kwamba utatamani kuongeza. Tuta dogo unalimaliza kwa macho ukiwa umesimama mahali pamoja, na unajua jana jani hili lilikuwa zima na leo lina tundu.

Mboga zinauzwa kila mahali. Kwa nini nijisumbue?

Kwanza, ladha. Mahindi matamu ya aina ya kawaida huanza kugeuza sukari yake kuwa wanga mara tu hindi linapovunjwa. Yakilala siku moja kwenye joto, sukari yaweza kupungua hadi nusu. Njegere nazo ni hivyo hivyo. Aliyewahi kumenya njegere akiwa bado amesimama kwenye tuta na kuzitia mdomoni anajua utamu ambao hakuna gari linaloweza kuusafirisha.

Nyanya ina kisa chake. Zinazosafirishwa mbali huchumwa zikiwa ngumu, kisha hukamilisha rangi zikiwa njiani au ghalani, kwa sababu nyanya hutoa gesi ya ethilini inayoendeleza uivaji hata baada ya kuchumwa. Rangi hufika, lakini utamu haufiki wote. Tena, aina nyingi za biashara zimechaguliwa kwa ugumu wa ngozi ili zistahimili kubanwa kwenye makasha. Wewe safari yako ni hatua ishirini, hivyo unaweza kupanda aina yenye ngozi laini inayopasuka ikiguswa vibaya, na ukaiacha iive yote juu ya mti wake. Ukishaichuma, usiiweke kwenye friji: baridi ya chini ya nyuzi 12 hivi za Selsiasi huharibu harufu yake, na harufu ndiyo nusu ya ladha.

Kuhusu kuokoa fedha, tuta dogo halitalisha kaya nzima mwaka mzima. Linaloweza kufanya ni kukuondolea hasara ya majani yanayonyauka jikoni. Unahitaji majani matano ya saladi na kishada cha giligilani, unatoka, unachuma matano na kishada kimoja, basi. Mboga za majani na viungo ndivyo vinavyolipa haraka kwenye nafasi finyu.

Watu husema kulima mboga kunaburudisha. Raha yenyewe iko wapi?

Siku ya mavuno ina furaha yake, lakini ni siku moja kati ya nyingi. Asubuhi ya kawaida ina mengi zaidi.

Haragwe hutoka ardhini likiwa limejikunja. Shingo ndiyo inayopasua udongo, kichwa kikifuata nyuma, na kufikia kesho yake limenyooka na nusu mbili za mbegu zimeachana. Ua la boga hufunguka alfajiri na kufikia adhuhuri limeshajifunga. Asiyepita mapema halioni. Gusa jani la nyanya, na harufu kali itabaki vidoleni hadi uoshe kwa sabuni, kwa kuwa shina na majani yake yamefunikwa na vinyweleo vyenye tezi za mafuta. Tango huning'iniza mikono yake hewani ikitafuta pa kushika, na ikipata uzi huuzungushia mara kadhaa kati ya asubuhi na jioni. Hayo yote yanatokea bure, umbali wa hatua chache kutoka ulipolala.

Halafu kuna harufu ya udongo mkavu unaponyeshewa. Mwaka 1964 wanasayansi wawili waliokuwa wakifanya kazi Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, walieleza kwamba mafuta ya mimea hujikusanya kwenye udongo na mawe wakati wa ukame, kisha hutoka mvua inapofika. Ndani ya harufu hiyo pia imo jeosmini, inayotengenezwa na bakteria wa ardhini, na pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo mno. Mwagilia tuta lililokauka uvute pumzi, utaipata.

Katika shamba la ekari mambo haya yapo pia, ila hakuna anayeyaona, maana hakuna mtu awezaye kuujua mche mmoja mmoja katika maelfu. Wenye tuta dogo tuna nafasi hiyo. Kwa maoni yangu udogo ndio utajiri wenyewe wa bustani ya nyumbani, na anayeuonea haya bado hajatulia akaitazama.

Nina kazi na watoto. Itanichukua muda gani?

Dakika kumi hadi kumi na tano kwa siku. Hizo zina nguvu kuliko saa tatu za mwisho wa wiki, kwa sababu matatizo ya bustani hukua upesi. Kidukari, mdudu mdogo anayefyonza maji ya mmea, jike lake huzaa bila kuhitaji dume, na watoto wake huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Ukiviona vikiwa vitano unaviponda kwa kidole. Ukivikuta baada ya siku kumi, ni kazi.

Nipande nini kwanza?

Kile mnachokula. Halafu changanya mboga za haraka na za polepole, ili usikae miezi mitatu ukitazama majani tu. Figili huwa tayari baada ya siku 25 hadi 30 tangu kupanda mbegu. Mchicha huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne kukiwa na joto la kutosha. Saladi ya majani huweza kuanza kuchumwa ndani ya wiki tano au sita, na ukikata majani ya nje tu, moyo wake unaendelea kutoa mengine. Maharage mabichi huchukua siku 50 hadi 60. Nyanya huhitaji siku 60 hadi 85 tangu mche uhamishwe kutoka kitaluni, na karoti ni zaidi ya miezi miwili.

Figili na karoti zinapendana kwenye mstari mmoja. Mbegu ya karoti yaweza kukaa wiki mbili au hata tatu kabla ya kuchomoza, na mtu husahau alipoipanda. Figili huchomoza ndani ya siku chache, inakuonyesha mstari ulipo, kisha unaing'oa na kuiachia karoti nafasi.

Sipendekezi kabichi kwa anayeanza na tuta moja. Inashika nafasi kubwa kwa miezi mitatu hivi, kisha unaikata mara moja na imekwisha. Kale, ambayo ni ndugu yake wa damu, inakupa majani kwa miezi mingi kutoka shina lile lile. Na undugu huo ni wa kweli: kabichi, kale, brokoli na koliflawa zote ni spishi moja, Brassica oleracea, iliyochaguliwa na wakulima kwa karne nyingi kufuata sehemu tofauti, wengine majani, wengine maua, wengine kichwa. Koliflawa nayo isubiri ukishapata uzoefu. Inataka ubaridi usioyumba na hukasirika kwa joto la siku chache.

Sina ardhi, nina kibaraza tu.

Panda kwenye vyombo. Saladi, mchicha na figili hutosheka na kina cha sentimita 15 hadi 20. Nyanya moja inataka chombo cha lita 15 au 20 na zaidi, vinginevyo utamwagilia mara mbili kwa siku na bado itanyauka mchana. Ndoo iliyopasuka, kreti lililotandikwa gunia, beseni kuukuu, vyote vinafaa mradi viwe na matundu chini. Mizizi huvuta hewa, na chombo kisichotoa maji huizamisha.

Udongo mtupu wa shambani hushindiliana ndani ya chombo. Changanya nusu udongo na nusu mboji. Na kwa kuwa kila umwagiliapo maji huondoka na virutubisho, ongeza mboji kidogo juu kila baada ya wiki chache.

Jua linalofika kwangu ni la nusu siku. Latosha?

Kwa mboga za majani, ndiyo. Saa tatu au nne zinatosha, na penye joto kali kivuli cha alasiri huzifaa. Nyanya, pilipili hoho, bilinganya, tango na boga zinataka saa sita hadi nane. Kabla hujachimba, toka asubuhi, mchana na jioni uone kivuli cha nyumba kinaangukia wapi.

Udongo wangu ni mbaya. Nifanyeje?

Karibu kila mtu husema hivyo kuhusu udongo wake. Chukua ngumi moja yenye unyevu, uikamue, kisha uiguse kwa kidole. Ukibaki donge gumu linalong'aa, una mfinyanzi: unashika maji na chakula, ila mizizi hupenya kwa shida. Ukimwagika mara tu unapofungua mkono, una mchanga: mizizi hupita vizuri, lakini maji na virutubisho havikai. Ukishikana kisha ukavunjika kwa mguso, shukuru na uanze kupanda.

Tiba ya mfinyanzi na ya mchanga ni moja, nayo ni mboji. Tandaza kina cha sentimita 5 juu ya tuta na uchanganye kwenye tabaka la juu. Mwaka unaofuata, rudia, safari hii bila kuchanganya. Acha minyoo iivute chini. Usilikanyage tuta kamwe, na usilime mfinyanzi ukiwa umeloa chapachapa, kwa maana utapata matofali. Baada ya misimu michache utaona rangi ya udongo ikiwa nyeusi zaidi na jembe likizama bila kusukumwa. Ni mabadiliko ya taratibu ambayo mikono huyahisi kabla ya macho.

Mboji naitengenezaje?

Kusanya mabaki ya jikoni yasiyopikwa: maganda, majani, majani ya chai, maganda ya mayai. Kwa kila sehemu moja ya vitu hivyo vibichi, weka sehemu mbili au tatu za vitu vikavu kama majani makavu, nyasi kavu au kadibodi iliyochanwachanwa. Nyama, samaki na mafuta usiweke, vinaita panya. Lundo liwe na unyevu wa kulowesha kiganja bila kudondosha maji. Likinuka, limekosa hewa au vitu vikavu. Ligeuze na uongeze majani makavu. Likikaa wiki nyingi bila mabadiliko, ama limekauka ama limekosa vitu vibichi.

Lundo la mita moja kila upande, likijazwa kwa mara moja, huweza kufika nyuzi 55 hadi 65 za joto, na hapo mbegu nyingi za magugu na vimelea hufa. Dogo linalojazwa kidogo kidogo halipati joto hilo, linachelewa tu, lakini mboji yake ni nzuri. Iko tayari inaponukia udongo na huwezi tena kutambua kilichokuwa ganda na kilichokuwa jani.

Samadi mbichi isikaribie mboga zinazoliwa bila kupikwa. Iozeshe kwanza, au iweke walau miezi minne kabla ya mavuno.

Nimwagilie mara ngapi?

Uliza udongo. Chomeka kidole hadi kiungo cha pili: ukikuta unyevu, acha, ukikuta ukavu, mwagilia. Kipimo cha jumla ni lita 25 kwa kila mita moja ya mraba kwa wiki, ambacho ni sawa na mvua ya milimita 25, na kwenye joto kali na udongo wa kichanga huongezeka.

Maji mengi kwa mara chache yanazidi maji kidogo ya kila siku, kwa sababu mizizi hufuata unyevu. Ukinyunyiza juu juu, inabaki juu juu, na siku ukisafiri mboga zinaanguka. Kwa mbegu na miche michanga kanuni hiyo haifanyi kazi. Hizo zinataka unyevu wa juu usiokatika. Mwagilia asubuhi, kwenye shina badala ya majani, kwani majani yanayolala na maji hukaribisha ukungu. Kisha funika udongo kwa matandazo ya nyasi kavu, kina cha sentimita 5 hadi 7, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina.

Nyanya zikioza kitako, na doa jeusi likitokea chini ya tunda, wengi hudhani ni ugonjwa. Mara nyingi ni maji yanayoyumba: udongo unakauka kabisa, kisha unafurika, na kalisi, ambayo husafiri pamoja na maji, haifiki kwenye tunda. Maji ya kipimo kimoja na matandazo hurekebisha matunda yanayofuata.

Miche yangu huanguka na kufa ikiwa midogo. Huenda sina mkono wa kupanda?

Mkono hauna kosa. Shina likinywea usawa wa udongo na mche ukalala, hicho ni kinyausi, kinacholetwa na vimelea vya ukungu vinavyopenda kitalu kilichobanana, chenye maji mengi na kisicho na hewa. Tumia udongo mpya, panda mbegu kwa nafasi, punguza maji, na kitalu kikae penye mwanga. Ukikuta asubuhi shina limekatwa safi na sehemu ya juu imelala kando, huyo ni sota, kiwavi anayekata miche usiku. Fukua kidogo kuzunguka shina utamkuta amejikunja. Kisha zungushia kila mche pete ya karatasi ngumu iliyozama sentimita 2 hadi 3 ardhini.

Wadudu wananila kabla sijala mimi. Nipulize dawa?

Ngoja kwanza. Geuza majani uone upande wa chini, maana huko ndiko mayai hutagwa na vidukari hujificha. Mayai ya vipepeo unayafuta kwa kidole. Viwavi unaviokota. Vidukari unavisukuma kwa maji ya mpira au kuvinyunyizia maji yenye sabuni kidogo, ukilenga wadudu wenyewe wakati jua halijawa kali. Konokono hutoka usiku, basi nenda na tochi.

Sababu yangu ya kusita kuhusu dawa ni hii: nyingi haziui mharibifu peke yake. Wadudu kibibi na mabuu yao hula vidukari kwa wingi, na nyigu wadogo hutaga ndani ya viwavi. Ukiwaua hao, vidukari hurudi kwanza, kwa kuwa huzaana haraka zaidi, na safari hii hakuna wa kuwazuia. Jifunze kulitambua buu la mdudu kibibi, refu, jeusi lenye madoa ya rangi ya chungwa, kwani watu wengi hulipondaponda wakidhani ni adui. Na ukubali matundu machache. Jani la kale lenye tundu lina ladha ile ile.

Maboga yanatoa maua mengi, matunda hayapo. Na mahindi yana mapengo.

Swali zuri, kwa sababu jibu lake litakupa jambo la kutazama kila asubuhi. Boga lina maua ya kiume na ya kike kwenye mmea mmoja. La kiume lina kikonyo chembamba. La kike lina kiboga kidogo chini yake tangu kabla ya kufunguka. Mara nyingi ya kiume hutangulia siku kadhaa, kwa hiyo maua ya mwanzo kuanguka si tatizo. Kama ya kike nayo yanaanguka na viboga vyake vimegeuka manjano, nyuki hawafiki. Fanya kazi yao: asubuhi na mapema chuma ua la kiume, ondoa petali, na upake chavua yake katikati ya ua la kike. Baada ya siku chache kiboga kikianza kuvimba, utakuwa umelishuhudia jambo ambalo watu wengi hula maisha yao yote bila kuliona.

Mahindi huchavushwa na upepo. Kila unywele wa hindi umeunganishwa na punje moja, na usipopata chavua, punje hiyo haipo. Mstari mmoja mrefu hupoteza chavua pembeni, kwa hiyo panda mahindi kwenye kipande cha mraba, walau mistari minne mifupi.

Nyanya ina viungo vya kiume na vya kike ndani ya ua moja. Ikisitasita kuzaa, gongagonga tawi lenye maua mchana hewa ikiwa kavu.

Watoto wangu wanataka kusaidia, lakini wanaharibu.

Wape sehemu yao. Mita moja ya mraba ya mtoto, isiyorekebishwa na mtu mzima, ina thamani kuliko tuta zima ambalo anaambiwa asiguse. Achague mwenyewe, na umwelekeze kwenye mbegu kubwa anazoweza kushika: maharage, njegere, boga, alizeti. Figili ni kwa ajili ya mtoto asiye na subira.

Ataifukua mbegu siku ya tatu ili aone kama imeota. Mwache. Au mpandie haragwe kwenye gilasi yenye karatasi yenye unyevu, aone mzizi ukishuka na shina likipanda, na zile za ardhini zipate amani. Mng'olee mzizi wa haragwe lililozeeka umwonyeshe vifundo vidogo. Ukikata kimoja na ndani ni pinki, bakteria waliomo wanafanya kazi ya kushika nitrojeni kutoka hewani. Mtoto wa miaka saba huelewa hilo vizuri, na atalisimulia shuleni.

Kuhusu kula mboga, usimlazimishe wala usimsifu kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza walau gramu 400 za matunda na mboga kwa mtu mzima kwa siku, na wazazi wengi huhangaika kufika hata nusu mezani. Bustanini mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu hakuna anayetazama. Karoti aliyoing'oa mwenyewe, ikasuguliwa na kusuuzwa bombani, humalizika kabla haijafika jikoni.

Mama yangu alikuwa mkulima hodari, sasa hawezi kuinama. Tumshirikisheje?

Mwinulieni tuta. Kimo cha sentimita 60 hadi 75 kinamwezesha kufanya kazi akiwa ameketi au amesimama wima, na upana uwe wa mkono mmoja kama anafikia upande mmoja tu. Mwekeeni kiti penye kivuli na maji karibu. Kuatika, kufunga nyanya kwenye vijiti, kupunguza miche na kuchambua mbegu ni kazi za mikono yenye uzoefu. Zaidi ya hayo, mwacheni aamue kipandwe nini na lini. Kumpa mzee kiti bila kumpa kauli ni kumgeuza mtazamaji katika kazi aliyoijua kabla ninyi hamjazaliwa.

Mimi nataka mboga, mwenzangu anataka maua.

Pandeni vyote. Maua huvuta nyuki, na nyuki ndio wazazi wa matango na maboga yenu. Acha pia giligilani na figili chache zichanue. Maua yake madogo hulisha nyigu na nzi wanaokula vidukari.

Magugu je?

Yaparue yakiwa na majani mawili, asubuhi ya jua kali, yakaukie hapo hapo. Gugu lisilofikia kutoa mbegu ni kazi ya mwaka mmoja. Likitoa mbegu, umejiandalia kazi ya miaka.

Je, udongo wa karibu na nyumba ni salama?

Kando ya nyumba za zamani zilizopakwa rangi yenye madini ya risasi, au mahali palipokuwa gereji au dampo, inawezekana pasiwe salama. Upime udongo, au panda kwenye vyombo na tuta la kuinuliwa lenye udongo ulioletwa. Na mboga zioshwe daima.

Nina tuta moja. Mzunguko wa mazao nitaufanyaje?

Ligawe katika robo nne. Nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo ni ukoo mmoja na hushirikiana magonjwa, hivyo zikae robo moja na zihame kila msimu, zisirudi zilikotoka kabla ya miaka mitatu kama inawezekana. Baada ya maharage au njegere, kata mashina na uache mizizi ioze ardhini, kisha panda mboga za majani. Kwenye eneo dogo mzunguko hauzuii kila kitu, maana magonjwa mengine hupeperuka hewani, lakini hupunguza minyoo fundo, ile midogo inayovimbisha mizizi, na vimelea vya udongoni.

Naweza kutunza mbegu zangu mwenyewe?

Ndiyo, na anza na maharage na nyanya, ambazo mara nyingi hujichavusha zenyewe. Maganda ya maharage yaachwe kwenye mmea hadi yakauke na kutoa sauti yakitikiswa. Kwa nyanya, kamulia mbegu na utelezi wake kwenye kikombe chenye maji kidogo, acha zichachuke siku mbili au tatu, kisha zioshe na kuzianika kwenye sahani. Utelezi huo ndio unaozuia mbegu kuota ndani ya tunda. Chagua mmea uliokupendeza kuliko yote, si wa mwisho uliobaki.

Mbegu chotara za F1, yaani kizazi cha kwanza cha aina mbili zilizochanganywa, hazitazaa watoto wanaofanana na mzazi. Maboga ya aina tofauti yaliyo jirani nayo huchanganyika. Hifadhi mbegu mahali pakavu na penye ubaridi, na uandike mwaka juu ya bahasha: za vitunguu hudhoofika baada ya mwaka mmoja au miwili, za nyanya hudumu minne au zaidi. Baada ya misimu kadhaa ya kuchagua, utakuwa na nyanya iliyozoea jua lako na udongo wako, na ukimpa jirani mbegu zake unampa kitu ambacho hakiuzwi popote.

Mavuno yakija yote kwa pamoja nifanyeje?

Zuia mapema: badala ya kupanda pakiti nzima ya saladi siku moja, panda mstari mfupi kila baada ya wiki mbili. Matango, bamia na maharage mabichi yachumwe yakiwa machanga, kila siku moja au mbili, kwa sababu mmea ukiona mbegu zake zimekomaa hupunguza kutoa maua. Tango moja lililosahauliwa likawa la manjano laweza kusimamisha mmea mzima. Usipoweza kula yote, chuma hivyo hivyo na ugawe. Majani yachume asubuhi, kabla jua halijayalegeza. Nyanya zinaweza kungoja hadi mchana.